Samaki wa miamba wa Tanganyika wanapofia Bukavu: dalili na chanzo, kuanzia wavuni hadi wiki ya pili

Samaki anayegeuka tumbo juu siku ya tatu ndani ya akwariamu ya Bukavu mara nyingi hakuugulia Bukavu. Aliharibikiwa chini ya maji kule Luhanga, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, au ndani ya mfuko kwenye kona za Ngomo, barabara ya kupanda kutoka Uvira hadi Bukavu, ila dalili ilichelewa kujitokeza. Ndiyo maana swali la kwanza si "ana ugonjwa gani?" bali "dalili ilianza saa ngapi tangu alipotoka mwambani?" Jibu la swali hilo hupunguza kazi nusu, na huokoa fedha za dawa zisizohitajika.

Tunazungumzia siklidi (familia moja ya samaki) wadogo wa mwambao wa mawe kusini mwa Uvira, kupitia Luhanga, Pemba na Makobola hadi rasi ya Ubwari: Tropheus, Julidochromis, Neolamprologus, Eretmodus, na yule mdogo mwenye pua ndefu, Tanganicodus irsacae, ambaye jina lake limetokana na IRSAC, taasisi ya utafiti iliyokuwa na makao Lwiro na kituo Uvira. Matumbawe hayapo huku. Samaki wanakaa kwenye mawe, na kila jiwe lina mwenyewe. Kabla ya kuzamia, pata ruhusa ya huduma ya uvuvi na umwarifu mkuu wa ufuko. Mtu anayeibuka majini na chupa mgongoni bila taarifa huzua maswali mengi kuliko samaki atakaowapata.

Wavu unarudi mtupu, au samaki wanaingia nyufani

Kosa la kawaida ni kuwafukuza. Tropheus akifukuzwa haendi mbali. Anazunguka jiwe lake na kuingia kwenye ufa anaoujua tangu utotoni, na hapo humtoi tena. Wavu ndio unaotangulia: urefu mita 5 hadi 8, kimo mita 1 hadi 1.2, uzi mwembamba wa nailoni usio na rangi, matundu ya milimita 10 hadi 12, risasi chini na maboya madogo juu. Utege kwa umbo la mwezi mchanga kati ya mawe mawili makubwa, risasi zikilalia umbo la mawe. Uwazi wa kupitisha vidole viwili tu unatosha kupoteza kundi zima. Kisha subirini dakika tano bila kusogea. Samaki wakianza tena kula mwani, mzamiaji wa pili aje kutoka upande wa nyuma na fimbo fupi, polepole, akigusa mawe badala ya kuwagusa samaki. Wanakimbia mita mbili tu, na hizo zinatosha kuwafikisha wavuni.

Matundu yakizidi milimita 15, samaki wa sentimita 7 anapenya hadi kwenye matamvua na kunaswa kama ndakala. Anayenaswa hivyo hafai kubebwa. Mkate uzi umwachie.

Usiingize mkono kwenye ufa ambao hujauona ndani. Swila wa maji wa ziwa hili huwinda samaki kwenye mawe hayohayo, na hupenda nyufa pana zenye kivuli. Maeneo ya karibu na mdomo wa mto Ruzizi yaache kabisa kwa sababu ya mamba na viboko. Na anayezamia mara kwa mara apimwe kichocho.

Atatokea mtu wa kukushauri utumie utupa. Ni kweli samaki watatoka nyufani wakiyumba. Lakini sumu ya utupa huzuia mwili usitumie oksijeni, na huwapata wote: samaki wachanga, na wale usiowahitaji. Anayeonekana kuzinduka kwenye ndoo hufa njiani, nawe utalaumu mfuko. Sabuni ya unga ni mbaya zaidi, kwa kuwa inachubua matamvua. Zote mbili ziache.

Amefika juu, tumbo limevimba, macho yametoka, hawezi kuzama

Hapa ndipo samaki wengi wanapopotea, na chanzo ni hesabu tu. Kibofu cha hewa cha siklidi hakina njia ya kutokea mdomoni. Hewa hupungua kwa kunyonywa na damu, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Uso wa Tanganyika uko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa iliyo juu yake ni nyepesi na ina uzito wa takriban mita 9.4 za maji badala ya 10.3. Samaki aliyekuwa mita 15 anabeba jumla ya 24.4. Ukimpandisha moja kwa moja, hewa yake inatanuka zaidi ya mara mbili na nusu. Tumbo halina nafasi hiyo, kwa hiyo utumbo unasukumwa kwenye tundu la haja kubwa na macho yanasukumwa nje.

Kanuni inayofanya kazi ni kutoruhusu hewa itanuke zaidi ya takriban theluthi moja kwa kila hatua. Kwa samaki wa mita 15, hatua ni hizi: mita 9, kisha mita 4.5, kisha mita 1, kisha juu. Kila kituo kinahitaji saa 12 hadi 24. Samaki wa mita 4 au 5 hukaa usiku mmoja kwenye mita 1.5. Anayetoka mita 2 hahitaji kituo. Ushauri wetu kwa anayeanza ni kutozidi kina cha mita 5, maana Tropheus wanapatikana tele hapo, kwenye mwanga na mwani. Eretmodus na ndugu zake wana kibofu kilichopungua sana, na hutambaa juu ya mawe kama mijusi. Hao hupanda bila shida hii.

Kikapu: bidoni la lita 20 au 25 lenye kifuniko, litobolewe matundu ya milimita 6 kila upande, kingo za matundu zikwanguliwe kwa kisu hadi zisikwaruze. Weka jiwe la kilo 4 chini. Samaki 8 wa sentimita 8 wanatosha. Matundu yakiwa makubwa kuliko hapo, kaa wa ziwani wanaingia usiku na kukata mapezi.

Kamba ina mtego wake. Ukiifunga kwenye boya la juu, upepo wa kusini wa kiangazi utalirusha boya juu na chini mchana kutwa, na kikapu kitacheza mita moja kila wimbi. Samaki waliopandishwa vizuri wanajeruhiwa na kurushwa huko. Funga boya dogo lililozama chini ya uso, juu kidogo ya kituo cha kikapu, nanga yake ikae sakafuni, na kikapu kining'inie kwenye kamba hiyo yenye mafundo kila nusu mita. Boya lililozama pia halionekani na wapita njia wenye mikono mirefu.

Utajuaje kwamba yuko tayari kwa hatua inayofuata? Chungulia matunduni. Asiye tayari anaogelea kichwa chini, mkia juu, akipiga mkia bila kupumzika, kwa sababu akiacha tu anavutwa juu kama kizibo. Aliye tayari anasimama katikati ya kikapu, mwili umelala sawa, akitikisa mapezi ya ubavuni peke yake. Mmoja tu akiwa bado kichwa chini, wote wanangoja.

Ikiwa kosa limeshatokea, mrudishe chini mara moja, kwenye kina alichotoka au kile cha karibu, kisha anza hatua upya. Wengine hutoboa kibofu kwa sindano nyembamba ya insulini, ubavuni, nyuma ya ncha ya pezi la kifuani. Fundi mwenye mkono mwepesi hufaulu. Kwa samaki aliye chini ya sentimita 8, sindano inaua zaidi ya inavyoponya, na kidonda chake hufunguka tena njiani.

Macho nayo yatofautishwe. Yote mawili yaliyotoka pindi anapofika juu ni shinikizo la hewa. Jicho moja, siku mbili au tatu baadaye, lenye ukungu, ni pigo la jiwe au wavu. Hilo linahitaji maji safi na subira.

Mzamiaji aliyetumia chupa ana hesabu yake pia. Majedwali ya kawaida ya kuzamia yametengenezwa kwa usawa wa bahari. Mita 773 tayari inadai marekebisho, na kompyuta ya mkononi iwekwe kwenye kiwango cha mwinuko. Kupanda Bukavu, mita 1,500 hivi, ni kama kuendelea kupanda kutoka majini. Subiri saa 12 baada ya mzamio mmoja, saa 18 au zaidi baada ya mizamio mingi. Maumivu ya viungo, ganzi au uchovu usio wa kawaida ni dalili ya viputo vya hewa katika damu: vuta oksijeni safi, baki nchi kavu kando ya ziwa, tafuta daktari, na usipande barabara ya Ngomo ukisema utapona nyumbani. Kwa bahati, samaki nao wanahitaji siku hiyo ya kungoja.

Kesho yake ana mikwaruzo, siku ya tatu pamba nyeupe

Ute umetolewa na mikono mikavu, wavu wenye mafundo, au ndoo yenye kuta za kukwaruza. Lowesha mikono, mtoe wavuni kwa kikombe badala ya vidole, na usiweke madume matatu ya Tropheus pamoja kwenye ndoo moja. Kwa tiba, chumvi ya mezani isiyo na madini ya joto, gramu 2 kwa lita, siku 5, kwenye chombo cha pembeni. Pamba ikifika mdomoni na samaki anapumua haraka, huyo ana bakteria, na chumvi peke yake haitamtosha.

Njiani: mfuko umekaza kama mpira, au umelegea na unavuja

Kabla ya kufunga, samaki wakae saa 24 hadi 48 bila kula. Usipofanya hivyo, mfuko utageuka choo. Samaki mmoja wa sentimita 8 hadi 10 kwa mfuko, maji lita 1 hadi 1.5, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni. Mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, gazeti katikati, kwa kuwa miiba ya pezi la mgongoni hupenya nailoni moja bila taabu. Pembe za chini zikunjwe na kufungwa kwa utepe. Samaki wadogo hujibana kwenye pembe na kukosa hewa.

Oksijeni hupatikana kwa mafundi wa kuchomelea vyuma. Soma chupa kabla ya kufungua: fundi ana chupa mbili, na ile ya pili ni ya asetilini, inayowaka. Toa kwanza pumzi mbili hewani ili uchafu wa bomba utoke.

Kutoka Uvira hadi Bukavu shinikizo la hewa linapungua, na gesi ndani ya mfuko inatanuka karibu asilimia 9. Mfuko uliokazwa kama ngoma pale Kalundu, bandarini Uvira, utapasuka kwenye mshono kabla ya Nyangezi. Uufunge ukiwa bado unabonyea kwa kidole. Panga mifuko ndani ya boksi la frigoliti (povu jepesi jeupe), kiza kabisa. Gizani samaki hutulia na kutumia oksijeni kidogo. Boksi likae kwenye gari, chini, mbali na injini. Motari (pikipiki) hufika haraka, lakini mtikiso wake kwenye mashimo humaliza samaki waliotoka kwenye hatua jana.

Mfuko uliolegea katikati ya safari umetobolewa. Uwe na mifuko mitupu minne na mipira ya kufungia karibu na dereva.

Amefika mzima, mfuko umefunguliwa, ndani ya saa moja amekufa

Kifo hiki kinakatisha tamaa kuliko vyote, na chanzo chake ni uangalifu wa kupita kiasi. Watu wamefundishwa kumzoeza samaki polepole, tone kwa tone, saa nzima. Kwa samaki wa dukani aliyekaa mfukoni nusu saa, sawa. Kwa aliyesafiri saa sita au zaidi, tone kwa tone linamuua.

Ndani ya mfuko samaki anatoa amonia, na pia anatoa kaboni dioksidi. Kaboni dioksidi inashusha pH (kipimo kinachoshuka maji yakiwa na asidi zaidi), na kwa pH ya 7 chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo yenye sumu. Ukifungua mfuko, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka. Kwa pH ya 9 na joto la nyuzi 25, zaidi ya theluthi yake ni sumu. Unapoongeza matone ya maji yenye pH ya Tanganyika, unaharakisha mgeuko huo huku samaki akiwa bado ndani.

Fanya hivi badala yake: taa zimezimwa, mfuko ambao haujafunguliwa uelee kwenye akwariamu dakika 15 ili joto lilingane. Fungua, mimina samaki kupitia chujio laini juu ya ndoo, mwingize akwariamu papo hapo. Maji ya mfuko yamwagwe nje, hata tone lisiingie. Kazi nzima ichukue chini ya dakika moja kwa kila mfuko. Ukitaka kupunguza mshtuko, tayarisha akwariamu ya kupokelea yenye pH ya 8 hadi 8.3, uipandishe ndani ya siku tatu.

Yuko hai lakini amelala chini, mapezi yamekunjwa, au anahema juu ya maji

Kuhema juu kuna maana mbili. Kama wote wanahema, hasa alfajiri, ni oksijeni. Kwenye mwinuko wa Bukavu maji hubeba oksijeni pungufu kwa takriban moja ya sita kuliko pwani ya bahari, hata yakipuliziwa hewa vizuri. Hesabu za vitabu vya Ulaya kuhusu idadi ya samaki kwa lita hazifai hapa. Punguza, na weka mawe mawili ya hewa badala ya moja. Kama wanahema na matamvua ni mekundu au ya kahawia, pima amonia na nitriti. Chujio jipya linahitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kubeba samaki, au sponji iliyochafuka kutoka akwariamu ya rafiki.

Kulala chini na mapezi yaliyokunjwa mara nyingi ni maji mepesi (yenye madini machache) au baridi. Tanganyika ina joto la nyuzi 25 hadi 27 juu, pH kati ya 8.6 na 9.2. Chumba cha Bukavu kina nyuzi 20 hivi; kipasha joto cha wati 100 kwa kila lita 100 ni lazima.

Kuhusu maji, mkazi wa Bukavu ana bahati ambayo wengi hawaijui. Ziwa Kivu humwaga maji yake kwa Ruzizi hadi Tanganyika, na ndilo linaloipa Tanganyika sehemu kubwa ya chumvi zake. Maji ya juu ya Kivu yana pH karibu 9, bikaboneti na magnesi nyingi, ila ni mazito karibu mara mbili: kipimo cha upitishaji umeme ni takriban mikrosimensi 1,200, wakati Tanganyika iko kati ya 600 na 700. Nusu ya maji ya Kivu na nusu ya maji safi ya mvua hukupa kitu kinachokaribia sana maji aliyozaliwa nayo samaki wako, bila kununua unga wowote. Yachote kwa pirogi, mbali na ufuko na midomo ya mitaro. Yachujwe kwa kitambaa, yakae siku tatu yakipuliziwa hewa. Bila kuyachanganya usiyatumie. Samaki atavumilia, lakini mayai ya Julidochromis huenda yasianguliwe vizuri.

Asiyefika ziwani atumie maji laini ya mvua, au ya robine yaliyokaa siku mbili yakipuliziwa hewa, na kwa kila lita 100 aweke gramu 50 za bikaboneti ya soda na gramu 40 za salfeti ya magnesi ya dukani kwa mfamasia. Iwe bikaboneti tupu. Ule unga wa kuumulia keki una asidi ndani yake, na utafanya kinyume.

Umeme umerudi, samaki wanakufa

Siyo wakati wa giza, bali baada ya umeme kurudi. Chujio lililofungwa likikaa zaidi ya saa mbili au tatu bila maji kupita, bakteria wake hukosa hewa na kufa, na pampu ikiwaka inawatapika wote ndani. Lifungue kwanza, suuza sponji kwa maji ya akwariamu, ndipo uwashe. Wakati wa giza, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka kimo cha sentimita 30, dakika tano kila nusu saa. Au weka pampu ndogo ya hewa kwenye betri. Siku hiyo usilishe.

Wiki ya pili: Tropheus anatema chakula, kinyesi kirefu cheupe, tumbo linajaa

Huu ndio uvimbe wa Tropheus, na kutoka tumbo kuvimba hadi kufa ni siku mbili hadi nne. Dalili ya kwanza si tumbo. Ni samaki anayekimbilia chakula pamoja na wenzake, anakiweka mdomoni, anakitema, kisha anarudi pembeni. Ukimwona akifanya hivyo mara mbili kwa siku moja, anza kazi jioni hiyohiyo.

Chanzo mara nyingi ni chakula. Utumbo wa Tropheus ni mrefu, umeumbwa kwa mwani wa mawe. Ndakala waliosagwa, moyo wa ng'ombe na mkate vinaozea humo. Mpe spirulina, lengalenga iliyochemshwa dakika mbili na kukatwa vipande, na mawe yaliyooteshwa mwani juani kwenye beseni. Ukiwa na mabeseni mawili, unabadilisha mawe kila wiki. Chakula kidogo mara tatu kwa siku kinafaa kuliko kingi mara moja.

Tiba: acha kulisha siku mbili, badilisha robo ya maji, toa makaa ya chujio, weka metronidazoli miligramu 250 kwa kila lita 40. Rudia baada ya siku mbili, mara tatu kwa jumla, ukibadilisha robo ya maji kabla ya kila dozi. Aliyeanza kuvimba mwekee chombo chake. Waliobaki watibiwe palepale, kwa sababu anayetema leo ana wenzake watakaotema kesho.

Chanzo kingine ni vita. Tropheus wanne ndani ya lita 100 watabaki mmoja. Wawe 12 au zaidi ndani ya lita 300, mawe yakipangwa hadi karibu na uso, ili mbabe asipate wa kumwandama peke yake. Ikiwa mmoja amekwishabanwa juu nyuma ya kipasha joto, usimwondoe aliyebanwa. Atakayefuata atabanwa vilevile. Mtoe mbabe siku tano, panga mawe upya siku anayorudi, mrudishe usiku taa zikiwa zimezimwa.